Naomba ushauri: ethi ya mlingoti wa antena kwenye mwamba, Mikindani

Wakuu, habari za kazi. Mlingoti ni bomba la mabati la mita 9, antena ya redio ya ridhaa (ya mawasiliano ya kujifurahisha, si ya biashara) iko juu. Fimbo ya ethi, yaani ya kupeleka umeme wa radi ardhini, ya mita 2.4 inagota mwamba wa matumbawe kwenye sentimita 70 hivi. Ukizidi kugonga inapinda tu.

Nafikiria mitaro mitatu kutoka mguuni mwa mlingoti, kila mmoja mita 10, kina sentimita 50, nilaze waya mtupu wa shaba wa 16 mm². Chumvi ambayo mafundi humwaga ardhini kuzunguka ethi sitaki: mvua inaisomba, na kabla ya hapo imeshakula shaba. Kikinga radi cha waya wa antena kitakaa nje, pale unapoingilia ukutani.

Kinachonisumbua ni kuiunganisha ethi hii ya mlingoti na ethi ya mita ya TANESCO, mita 14 kuzunguka nyumba. Zikiachwa mbalimbali, radi ikipiga tofauti ya volti inapitia ndani ya redio. Waya uleule unatosha, au bapa ya shaba? Kona nizizungushe kwa upana gani?

Na pale shaba inapokutana na mabati, kwa hewa hii ya bahari zinki inayofunika mabati itakwisha upesi. Kipande cha chuma cha pua katikati kinatosha? Mwenye uzoefu wa Lindi au Mtwara tafadhali.