Tupeane uzoefu: Waliokwama Aktiki siku ya kurudi nyumbani

Kipupwe
Wakuu, habari za leo. Najua humu tumo kadhaa ambao masomo na utafiti vimetupeleka kwenye barafu za kaskazini. Maandalizi ya kwenda yanazungumzwa sana, ya kurudi hayasemwi. Tupeane uzoefu, maana kuna vijana wetu wanaojiandaa kwenda, na nyumbani tayari wanapanga kuwapokea kwa tarehe iliyo kwenye tiketi.

Naanza mimi. Nilikuwa Ny-Ålesund, kituo cha utafiti katika visiwa vya Svalbard vya Norwe, karibu nyuzi 79 kaskazini. Hakuna barabara ya kwenda Longyearbyen, mji mkubwa wa visiwa hivyo. Kuna ndege ndogo, safari haifiki hata nusu saa, ila ukungu ukishuka hairuki. Kiangazi hewa yenye unyevu ikipita juu ya maji ya baridi kali inapoa na kuwa ukungu, nao unaweza kukaa siku kadhaa. Kilichoniumiza ni kwamba kwetu kulikuwa kweupe kabisa, milima ya ng'ambo ya ghuba unaihesabu. Ukungu ulikuwa Longyearbyen. Mama ananiuliza kwa simu, "Mwanangu, si umesema jua linawaka?" Linawaka, mama, na ndege haiji. Tiketi ya Oslo ikapita, na ya Dar ikafuata.

DadaMvita
Mie nilikuwa visiwa vya juu vya Kanada, Nunavut. Kambi ya mahema, twategemea ndege ndogo ya Twin Otter kutoka kijiji cha Resolute Bay. Ndege ile haihitaji uwanja, yatua kwenye changarawe kwa matairi manene, lakini rubani sharti aone chini. Kila asubuhi twatoa taarifa kwa simu ya setilaiti: mawingu yako juu kiasi gani, upepo wavuma toka wapi, kile kilima chaonekana au hakionekani. Kambi ni nyingi, ndege ni chache. Anga likifunguka saa mbili tatu, ndege yaweza kwenda kwa wenzenu waliosubiri zaidi, na ni haki yao.

Jueni hili: hema la kulala na jiko ndivyo vya mwisho kufungwa, mpaka mthibitishiwe kuwa ndege imeruka. Chakula cha akiba kisiguswe mapema. Na zamu ya kulinda dubu haikomi eti kwa kuwa kazi imekwisha.

Baba yangu mkubwa alifariki nikiwa huko. Nilitaraji kuwahi arobaini, sikuwahi. Siku hiyo nilisoma Yasini hemani, upepo wapiga turubai. Wenzangu wa kambi hawakujua hata neno moja la ile sura, lakini walizima jiko wakanyamaza mpaka nikamaliza. Nawaombea kheri hadi leo.

Mtafiti_Moro
Pole sana dada yangu. Mungu amrehemu mzee.

Mimi nilikuwa Grinlandi, kambi ya Summit, juu ya barafu kuu, zaidi ya mita 3,200. Huko ndege ni LC-130, ndege kubwa za mizigo zenye skii za kutelezea juu ya theluji, zinatoka Kangerlussuaq, magharibi mwa Grinlandi. Watu wanadhani tatizo ni dhoruba tu. Kuna siku hakuna upepo wala theluji inayoanguka, lakini wingu jembamba limetanda, anga na ardhi vimekuwa rangi moja, hakuna kivuli. Rubani hajui ardhi inaanzia wapi. Na joto nalo linazuia! Theluji ikilainika inang'ang'ania skii, ndege yenye mzigo haishiki kasi ya kuruka. Ndiyo maana wakati mwingine wanasubiri saa za usiku, theluji ikaze.

Wakati wote huo mawazo yako kwenye sampuli za barafu. Mtu akichelewa anachoka, sampuli ikichelewa inayeyuka na msimu mzima umekwenda. Kabla ya kuondoka ulizia jokofu kila kituo cha njiani, pamoja na jenereta ya akiba.

Jingine: zamani ukifika Kangerlussuaq unapanda ndege kubwa moja kwa moja hadi Copenhagen. Kule ni ndani, mwisho wa fiodi ndefu (mkono wa bahari ulioingia ndani kati ya milima), hewa imetulia. Tangu uwanja mpya wa Nuuk, mji mkuu wa Grinlandi, ufunguliwe Novemba 2024, safari hizo zimehamia Nuuk, ambako ni pwani na hewa hubadilika haraka. Kwa hiyo ongezeni siku za akiba huko pia.

Kusi
Alaska, kituo cha Toolik, tulirudi kwa gari hadi Fairbanks. Msidhani barabara ndiyo salama. Lazima uvuke Atigun Pass, njia ya juu ya milima, na upepo ukianza kupeperusha theluji huoni boneti ya gari lako. Tuligeuza. Sijutii.

Kipupwe
Ahsanteni sana. Naongeza la pasipoti zetu, maana wenzetu wa Ulaya hawalifikirii. Svalbard iko nje ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia visa moja. Ukitoka Oslo kwenda kule umetoka, ukirudi unaingia upya, hivyo visa iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Grinlandi nayo iko nje, na visa ya Denmark lazima iandikwe kuwa inafika huko. Ukungu ukikaa, tarehe ya mwisho ya visa inakaribia ukiwa umekaa kwenye begi lako. Ukishafika bara ukakwamia huko, kanuni za Schengen zinaruhusu kuongezewa muda bila malipo pale jambo lililo nje ya uwezo wako lilipokuzuia kuondoka. Lakini ikiisha ukiwa bado Svalbard, hali ni ngumu zaidi. Ombeni siku za ziada tangu mwanzo, mkiambatanisha barua ya kituo inayoeleza kuwa ndege hutegemea hewa.

Aliyewahi kuombea visa Nairobi kwa kazi za namna hii, tafadhali atueleze walimpa siku ngapi.