Siku tatu Xi'an: nianzie ndani ya ukuta au kwenye askari wa udongo?

Mama wa Kiboriloni (Moshi)

Habari za jioni, ndugu zangu. Kwa miaka sita nimekuwa nikienda Guangzhou kufuata mzigo wa nguo na viatu, na nikisema ukweli, China ninayoijua ni ya maghala, makontena na chakula cha kuliwa wima. Mwezi wa kumi nitakwenda tena, ila safari hii mwanangu, anayesoma uhandisi Xi'an, ameniomba nikae naye siku tatu kabla sijarudi Moshi. Ninaambiwa huo ni mji mkongwe wenye ukuta, na papo hapo mwanangu hunitumia picha za maghorofa na treni za chini ya ardhi, hata nisielewe ukongwe wenyewe umebaki wapi. Kwa mtu ambaye magoti yake yameanza kulalamika, aanzie wapi, na aache nini bila kujuta?

Mhitimu wa Sakina (Arusha)

Shikamoo mama. Nilisoma Xi'an miaka minne, na ushauri wangu ni kwamba uanze na ukuta, kwa sababu ndio unaoueleza mji wote. Huu unaoonekana leo ulijengwa enzi ya Ming, kuanzia mwaka 1370 hadi 1378. Unazunguka kitovu cha mji kwa takriban kilomita 14, una kimo cha mita 12 hivi, na juu yake ni mpana kiasi cha malori mawili kupishana. Watu hukodi baiskeli huko huko juu, lakini wewe tembea tu kipande kifupi kuanzia Lango la Kusini: upande mmoja utaona mapaa ya vigae vya kijivu, na upande wa pili maghorofa yamesimama kama yaliyozuiwa mlangoni.

Mji wenyewe ni mkubwa kuliko ukuta huo kwa umri na kwa eneo. Ulipoitwa Chang'an, ukiwa makao makuu ya watawala wa Tang, ulienea mbali zaidi, na ndiyo maana Pagoda Kubwa ya Bata Bukini (mnara wa hekalu la Kibuddha), iliyojengwa mwaka 652, leo iko nje ya ukuta ingawa zamani ilikuwa ndani ya mji. Katikati kabisa kuna Mnara wa Kengele wa mwaka 1384, ambao mwaka 1582 ulihamishwa ukapelekwa hapo ulipo. Magari yanauzunguka usiku na mchana, na wahandisi wa treni ya chini ya ardhi walipinda njia zao ili zisipite moja kwa moja chini yake. (Mwanao atalipenda hilo.)

Usiondoke bila kula *paomo*. Unaletewa bakuli tupu na mkate mgumu wa ngano, unaumega mwenyewe kwa vidole mpaka vipande viwe vidogo kama punje za mahindi, kisha mpishi analichukua bakuli na kulirudisha likiwa na mchuzi wa kondoo. Mara ya kwanza nilimega vipande vikubwa kwa uvivu, na mzee wa meza ya jirani akalivuta bakuli langu akanimegea upya bila kusema neno.

Dereva wa Watalii (Arusha)

Ninakubaliana na mhitimu, isipokuwa mama asidhani kila paa lililopinda ni la kale. Ukuta umefanyiwa ukarabati mkubwa tangu miaka ya 1980, na ile barabara ya mataa iliyo kusini ya pagoda, ambako wasichana hupigwa picha wakiwa wamevaa nguo za enzi ya Tang, ni ujenzi wa juzi tu. Inapendeza usiku, lakini ukipungukiwa na muda, hiyo ndiyo ya kuacha. Askari wa udongo, yaani sanamu za jeshi zilizozikwa karibu na kaburi la mfalme wa kale, usiwaache: wako Lintong, mashariki ya mji, na waligunduliwa mwaka 1974 na wakulima waliokuwa wakichimba kisima. Wengi walikutwa vipande vipande, kwa hiyo unaowaona wamesimama wameunganishwa kwa mikono ya mafundi. Nenda asubuhi na mapema, maana ndani ni kusimama na kutembea, na magoti yatakukumbusha.

Mzee wa Njoro (Moshi)

Binti yangu, nyuma ya Mnara wa Ngoma kuna mitaa ya Waislamu wa kabila la Hui, na ndani yake Msikiti Mkuu. Usitafute kuba wala minara tuliyoizoea hapa. Utaona nyua zinazofuatana, miti, na mnara wa adhana uliojengwa kama banda la Kichina lenye mapaa matatu. Pita kwanza kwenye kelele za wauza mishikaki, ndipo uingie uani. Utulivu wa mle ndani huelewi mpaka umetoka kwenye kelele hizo. Chukua mtandio.

Mama wa Kiboriloni (Moshi)

Marahaba mwanangu, na asanteni nyote. Basi siku ya kwanza ukuta na paomo, ya pili Lintong, ya tatu msikiti na mitaa yake. Nitafika tarehe 2 Oktoba.

Mhitimu wa Sakina (Arusha)

Mama, sogeza tarehe hiyo kama tiketi inaruhusu. Sikukuu ya taifa lao huanza tarehe 1 Oktoba na mapumziko huchukua takriban wiki nzima. Juu ya ukuta hutapata hata pa kuegemea.