Naomba ushauri: kifo cha Uza kinanisumbua

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Naongoza somo la Biblia la vijana, na tumekwama kwenye 2 Samweli 6. Mfalme Daudi alikuwa akilihamisha sanduku la Mungu, lile sanduku takatifu la agano, kwa gari la ng'ombe. Ng'ombe walijikwaa, Uza akalishika sanduku lisianguke, akafa palepale. Nimesoma Hesabu 4:15. Naelewa amri ilikuwepo ya kutogusa vitu vitakatifu, mtu asije akafa, na kwamba Walawi, kabila lililowekwa kwa huduma ya ibada, walipaswa kulibeba mabegani, si kwa gari la ng'ombe. Bado moyo unaniuma, maana yule alitaka kusaidia! Hata Daudi alikasirika, akaogopa, akaliacha sanduku nyumbani kwa mtu aitwaye Obed-Edomu miezi mitatu. Hilo limenifariji kidogo. Nimefunga na kuomba, amani sijaipata, ingawa Mungu simwachi.

Niwaeleze nini vijana bila kuwadanganya? Na ninyi mnamtegemeaje Mungu pale msipomwelewa?