Mrejesho: yule fundi aluminiamu wa Moshi

Wakuu, niliuliza kama nikubali kuolewa na fundi aluminiamu asiye na kipato cha uhakika, wakati mimi nina mshahara. Wengi mlisema nikimbie. Nimemkubali.

Nilimwomba hesabu zake, akanitolea daftari hapohapo: advansi za wateja, deni la vioo, marejesho ya kikoba, hata dawa za bibi yake wa Marangu. Mwezi mmoja kapata vizuri, uliofuata karibu sifuri, na kaandika. Yule niliyekuwa naye kabla, wa gari kali (jamani!), mshahara wake sikuwahi kuujua.

Aliyenikumbusha Sheria ya Ndoa ya 1971, kweli mume anatakiwa kumtunza mke, ila kwa kadiri ya uwezo wake.

Mama bado kanuna. Washenga wanaleta mbege (pombe ya ndizi ya Wachaga) Desemba, Wachaga wakirudi nyumbani Kilimanjaro, ‘kuhesabiwa’ kama watani wanavyosema.