Mjadala: Ndizi ya ukutani ni sanaa, au ni kuchezea chakula?

Mzee wa Gongo la Mboto: Wadau, nimebishana na shemeji mpaka chai imepoa. Yule msanii Mwitaliano Cattelan alibandika ndizi ukutani kwa tepu ya kijivu mwaka 2019, maonyesho ya Art Basel pale Miami, ikauzwa dola 120,000. Novemba 2024 nakala yake ikapigwa mnada Sotheby's, New York: dola milioni 6.2! Mnunuzi, Justin Sun wa sarafu za kripto, akaenda kuila Hong Kong mbele ya kamera. Sisi tumelelewa kwamba chakula hakichezewi. Hii ni sanaa au dharau?

Mama Ntilie Orijino: Dharau. Mimi ukoko tu siutupi.

Rangi Mbichi: Mnahukumu msichokijua. Hakununua ndizi, kanunua cheti na maelekezo ya kuibandika. Ikioza unaweka nyingine. Ndiyo maana msanii mwenzake David Datuna alipoila palepale Miami, ilibandikwa mpya na maisha yakaendelea. Na haya hayakuanza jana. Msanii Spoerri miaka ya 60 alikuwa anagandisha masalia ya mlo mezani, sahani chafu na vishungi vya sigara humohumo, kisha meza nzima anaitundika ukutani. Msanii mwingine, Tiravanija, 1992 kapika mchuzi wa Kitailandi ndani ya gelari New York, kila anayeingia anapewa sahani bure. Ila watu mliozoea ndizi za kuivishwa kwa dawa mtaelewa wapi.

Mwana wa Kashozi: Rudia hapo mwisho. Dawa kaweka nani?

Rangi Mbichi: Sikukutaja, mkuu.

Mwana wa Kashozi: Umetaja ndizi, umenitaja. Kwetu Bukoba unachimba shimo, unatandika majani ya mgomba, unapanga ndizi, unafunika, unaziacha mpaka harufu ikuite mwenyewe. Hizo za dawa ni zenu huko mjini, njano kwa nje, ndani kama mti.

Kibosho Juu: Mtani, mnavumbika za pombe hizo, usitudanganye. Ndizi ya heshima ni mshale, ikaingia kwenye mtori.

Mwana wa Kashozi: Mtori ni uji wa wagonjwa.

Kibosho Juu: Mama yangu kanilea na huo uji na nimekuzidi kimo.

Mzee wa Gongo la Mboto: Jamani, mada.

Mnyonge Mnyongeni: Hakuna anayemuuliza muuza matunda? Ile ya mnada ilinunuliwa siku hiyohiyo kwenye meza ya matunda nje ya Sotheby's, senti 35. Sun akaahidi kununua ndizi laki moja pale. Piga hesabu: dola 35,000 kwa bei hiyo. Na yule mzee muuzaji ni kibarua tu, meza si yake! Sifa kwa tajiri, faida kwa mwenye meza.

Rangi Mbichi: Basi umeshaielewa kazi yenyewe. Bila hiyo tepu usingemwongelea mzee huyo.

Mnyonge Mnyongeni: Usinifundishe huruma wewe. Muuza matunda wa mtaani kwako umewahi kumuuliza jina?

Mtoto wa Lubumbashi: Mnabishania ndizi ya Marekani wakati Kongo kuna jambo kubwa zaidi. Lusanga, zamani Leverville, shamba la michikichi la Lever, yule tajiri wa sabuni. Wafanyakazi wa mashamba wakaunda kikundi chao cha sanaa, CATPC, mwaka 2014. Wanafinyanga sanamu kwa udongo wa huko, zinapigwa picha za kompyuta, kisha Ulaya zinatengenezwa upya kwa kakao na mafuta ya mawese. Pesa ya mauzo inanunua ardhi, wanapanda miti na chakula chao. Mwaka 2024 walikuwa kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, kwenye banda la Uholanzi.

Mama Ntilie Orijino: Hiyo sasa nakubali. Chokoleti inazaa shamba.

Rangi Mbichi: Kwa hiyo chakula kinachezewa ikiwa kuna faida?

Mama Ntilie Orijino: Mimi nauza chakula, kijana. Unadhani nakipika kwa ajili ya nini?

Kibosho Juu: Banda la Uholanzi lakini. Kwa nini si la Kongo?

Mtoto wa Lubumbashi: Waulize Waholanzi waliowaalika. Na wewe ukitaka banda la mtori, lijenge.

Mwana wa Kashozi: Asijenge. Wagonjwa watajaa.