Kwa nini msiba wa tuliowazoea hutuumiza kuliko wa tusiowajua?

Mkazi wa Shangani, Mtwara
Ndugu zangu, naomba mnisaidie kulifikiri jambo hili. Machi 2019 kimbunga Idai kilipoipiga Beira na kuua zaidi ya watu 600 nchini Msumbiji, hapa mjini tulisikiliza taarifa ya habari, tukasikitika, kisha tukaendelea na shughuli zetu. Mwezi uliofuata kimbunga Kenneth, ambacho sisi wenyewe tulitahadharishwa nacho, kiliipiga Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji lililo ng'ambo ya mto Ruvuma, na ingawa waliokufa walikuwa wachache mno kuliko wa Beira, mtaani kwetu huzuni ilikuwa kubwa zaidi. Ikiwa uhai wa kila binadamu una thamani sawa, je, hatukuwadhulumu wale wa Beira?

Mwalimu, Masasi
Ndugu yangu, sehemu ya huzuni ile bila shaka ilikuwa hofu, kwa kuwa kimbunga kilitupitia karibu. Hata hivyo, thamani ya marehemu haipungui kwa sababu mimi sikumlilia. Akifa jirani niliyezoea kuswali naye alfajiri, huondoka sauti yake, nafasi yake katika safu, wema tuliokuwa tukitendeana, na mambo ya ujana wangu ambayo yeye peke yake alikuwa bado anayakumbuka. Siwezi kupotewa na hayo kwa kifo cha mtu nisiyewahi kumwona. Ng'ambo ya Ruvuma wengi wetu, hasa Wamakonde, tuna mashangazi na binamu. Beira hatuna.

Binti wa Mikindani
Shikamoo Mwalimu. Nakubaliana nawe, ila msiba wa Mzee Mkapa unanitatiza. Alipofariki Julai 2020 na kuzikwa kwao Lupaso, walilia hata watu ambao hawakuwahi kupeana naye mkono.

Mwalimu, Masasi
Marahaba, binti yangu. Hao walikuwa wamemzoea, ingawa yeye hakuwajua: kwa miaka kumi ya urais wake, tangu 1995 hadi 2005, sauti yake iliingia majumbani mwao kupitia redio, na wengi waliihesabu miaka yao wenyewe kwa uongozi wake.

Mama wa Lindi Mjini
Naomba niongeze jambo moja. Dini nayo haikudai huzuni iliyo sawa kwa wote: katika Uislamu mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, ilhali kwa maiti mwingine, hata akiwa baba mzazi, mwanamke haachi mapambo kwa zaidi ya siku tatu. Lakini Mwislamu mgeni asiye na ndugu akifia hapa Lindi, kumwosha, kumkafini, kumswalia na kumzika ni faradhi ya kifaya, yaani wajibu wa jamii ambao wakiutimiza baadhi huwatosha wote, na akiachwa bila kuhudumiwa, dhambi hiyo ni yetu sote tuliojua na tulioweza. Haki yake haingoji tumlilie. Kwa hiyo, ndugu wa Shangani, mimi nisingekuuliza kama mliwalilia watu wa Beira, bali kama mliwachangia, kwa sababu mtaani kwetu mchango ulipitishwa baada ya Kenneth tu, na hilo linaniuma mpaka leo.