Uliacha deodoranti za kawaida ukahamia za asili? Tupeane uzoefu

Nuru_A
Wapendwa, wadogo zangu wawili wanataka kuachana na deodoranti za kawaida, na kila wanachosoma ama kinawatisha ama kinawaahidi miujiza. Naomba waliopitia njia hii waseme yalivyokuwa: ulipaka nini, ngozi ilipokeaje, harufu ilikuwaje. Naanza mimi.

Nilichokuwa natumia kilikuwa cha kuzuia jasho. Sisi tunaita vyote deodoranti, lakini kazi zake ni mbili tofauti. Kizuia jasho kina chumvi za alumini zinazoziba kwa muda vijinjia vya jasho. Deodoranti tupu haizibi kitu, inapambana na harufu peke yake, na nyingi zinazoitwa za asili ni za kundi hili. Ndiyo maana nilipohama jasho lilirudi, tena la kuonekana: blauzi ya kijivu ilikuwa inachora duara kwapani kabla ya saa nne asubuhi. Anayehama alijue hilo mapema, asije akadhani dawa ni mbovu.

Harufu ni habari nyingine. Jasho likitoka huwa karibu halinuki kabisa. Bakteria wanaoishi kwenye ngozi ya kwapa ndio wanaolivunjavunja mpaka linuke. Nikaelekeza nguvu huko: sabuni asubuhi na jioni, kukausha kwapa vizuri kwa taulo, ndipo nipake. Mwanzoni kikwapa kilikuwa kikali kuliko nilivyozoea, baadaye kikatulia. Sasa natumia mchanganyiko wa mafuta ya nazi, siagi ya shea na wanga wa mahindi. Wanga unanyonya unyevu kiasi. Kukiwa na joto, mafuta ya nazi huyeyuka, maana yakishafika nyuzi 24 hivi yanakuwa maji, kwa hiyo paka kidogo sana, la sivyo nguo inapata madoa ya mafuta.

Bi_Mkubwa
Asante dada kwa kuanzisha hili. Mimi nataka kuongea kuhusu soda ya kuokea, maana imo kwenye krimu nyingi za asili na watu hawaambiwi.

Yangu niliinunua ikiwa tayari kwenye kikopo. Siku za mwanzo niliisifu kwa kila mtu, harufu ilikwisha kabisa. Kisha kwapa la kulia likaanza kuwasha usiku. Nikaona mstari mwekundu umefuata kunjo la ngozi, ukapanuka, ngozi ikakauka na kubambuka kama ganda la kitunguu. Kuinua mkono kuchana nywele ilikuwa adhabu. Wekundu ulipoisha ukaacha weusi uliochukua muda mrefu kutoka.

Daktari wa ngozi alinieleza vizuri. Ngozi yetu ina asidi kidogo, pH yake (kipimo cha asidi: namba ikipanda, asidi inapungua) ni kama 5, na soda ya kuokea inapita 8. Ukiipaka kila siku mahali penye unyevu na msuguano, ile kinga ya juu inachoka. Wapo wanaoivumilia miaka na miaka bila tatizo, mimi siyo mmoja wao. Nilipumzisha makwapa, nikawa naosha kwa sabuni laini tu mpaka yakapona kabisa, ndipo nikatafuta isiyo na soda, yenye magnesiamu haidroksaidi (ndiyo ile ya kwenye maziwa ya magnesia). Inanifaa mpaka leo. Ushauri wangu: kitu kipya kijaribu kwanza kwenye mkono kwa ndani, karibu na kiwiko, siku kadhaa. Na mafuta yenye manukato makali, kama ya mchaichai au ya lavenda, nayo yanaweza kuleta mzio hata kama yametoka kwenye mmea.

Fundi_K
Shabu, ndugu zangu. Unalowesha jiwe, unapitisha kwapani, unaacha pakauke. Haina harufu yoyote na haichafui shati. Baada ya kunyoa inachoma kidogo, subiri hadi kesho yake.

Ila niseme ukweli: shabu nayo ni chumvi ya alumini. Anayehama kwa sababu anaikimbia alumini ajue kwamba bado yuko nayo.

Zawadi78
Mimi ni ndimu tu, nusu kipande, nasugua nikitoka kuoga. Harufu hakuna.

Bi_Mkubwa
Zawadi mdogo wangu, angalia sana. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi ukatoka juani, yanaunguza. Nimeona mtu ametoka malengelenge mkononi yalipotiririkia, na alama nyeusi zikabaki. Angalau suuza vizuri, na usipake kwenye ngozi iliyonyolewa.

Sista_Rehema
Nafanya kazi kwenye chumba cha kupiga picha za matiti, na swali la saratani naulizwa kila mara. Tunawaambia kina mama wasipake chochote kwapani siku ya kipimo kwa sababu chembe za alumini zinaweza kutokea kwenye picha kama vidoa vyeupe na kumchanganya msomaji. Sababu ni hiyo tu. Haina maana kwamba deodoranti inaleta saratani. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani inasema hakuna ushahidi wa kisayansi unaohusisha bidhaa hizi na kupata saratani ya matiti. Mwenye ugonjwa wa figo ndiye anayepaswa kumuuliza daktari wake kabla ya kutumia kizuia jasho, maana figo ndizo zinazotoa alumini mwilini. Kwa hiyo hama kwa sababu unapenda, au ngozi yako imekataa. Usihame kwa hofu.

Mwl_Juma
Mimi nilihama, nikarudi. Natokwa jasho kupita kiasi, hata nikiwa nimekaa kivulini, karatasi za wanafunzi zinalowa mkononi. Za asili niliziheshimu lakini hazikuundwa kwa hali yangu. Daktari alinipa kizuia jasho chenye nguvu zaidi, nipake usiku kwapa likiwa kavu kabisa, kwa sababu usiku jasho ni kidogo na dawa inapata nafasi ya kuingia. Maisha yamebadilika. Mwenye hali kama yangu asijilazimishe.

Zawadi78
Asante mama, nimeelewa, ndimu naiweka pembeni. Na nguo je? Naoga, napaka, lakini shati moja likipata joto linanuka palepale.

Nuru_A
Hilo litakuwa la poliesta. Kitambaa hicho hushika harufu kuliko pamba. Ligeuze ndani nje, loweka sehemu za kwapa kwenye maji yenye siki kidogo kabla ya kufua, na lisikunjwe mpaka likauke kabisa. Likiendelea kunuka baada ya hapo, tatizo ni shati, usibadilishe deodoranti.